Kemshafti Kali kwa Datsun ya Barabarani: Namna ya Kuchagua

Kama una Datsun 160J, 180B au pikapu yenye injini ya familia ya L, na injini hiyo bado iko karibu na ilivyotoka kiwandani, shauri langu la kwanza ni hili: kemshafti unayoitamani huenda ni kubwa kuliko inayokufaa. Wanunuzi wengi huanza na orodha ya muuzaji, wakaangalia namba kubwa kabisa, kisha wakashuka hatua moja ili wajione wamekuwa na busara. Wewe anza upande wa pili. Anza na barabara unayopita, mwinuko wa mji unaoishi, na mizunguko ambayo injini yako hushinda humo kutwa nzima. Ukishavijua hivyo vitatu, orodha itajichuja yenyewe na zitabaki kemshafti mbili au tatu tu za kulinganisha.

Najua hamu hii inatoka wapi. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 kwa 240Z. Shekhar Mehta akashinda mwaka 1973 kwa 240Z, kisha mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Violet, gari ambalo wengi wetu tulilijua barabarani kama 160J. Mtu aliyekua akiyasikia magari hayo yakinguruma kwenye vumbi ana haki ya kutaka sauti hiyo chini ya boneti yake. Lakini injini za timu ya kiwanda zilijengwa upya zote kwa pamoja: hedi, kabureta, kompresheni, ekzosi, gia na difu, na dereva hakuiacha injini ishuke chini. Ukichukua kemshafti peke yake kutoka kwenye mpango huo ukaitia katika L16 yenye kabureta moja, utapata gari linalotetemeka kwenye taa za barabarani, linalolegea ukiwa gia ya tatu mlimani, na linalokunywa mafuta bila kukulipa chochote.

Injini yenyewe

Familia ya L ya silinda nne ndiyo iliyoenea kwetu: L16 ya sentimita za ujazo 1,595, L18 ya 1,770 na L20B ya 1,952. Zote zina kemshafti moja iliyolala juu ya hedi, ikikaa ndani ya minara midogo na kuzungushwa na cheni. Nundu ya kemshafti husukuma roka, na roka hufungua valvu. Kati ya ncha ya roka na shina la valvu hukaa kisahani kidogo cha chuma, na kisahani hicho tutakirudia kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachoua kemshafti nyingi mpya.

Kabla ya kufungua pochi, pima kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa na moto na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Injini nzima ya L20B katika miji ya pwani inapaswa kusoma karibu psi 170. Nairobi tarajia 140 hivi, maana hewa ni nyepesi, kwa hiyo usiihukumu injini ya bara kwa kipimo cha Mombasa au Dar es Salaam. Tofauti kati ya silinda ndiyo ya kuiangalia zaidi. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, una kazi ya valvu au ringi. Fanya kazi hiyo kwanza. Kemshafti kali haitibu injini iliyochoka. Itaipunguzia hata ile kompresheni kidogo iliyobaki.

Vivyo hivyo plagi, distributa, cheni ya taimingi na kabureta. Gari likirekebishwa vizuri vitu hivi vinne, mara nyingi mwenyewe hugundua kwamba nguvu aliyokuwa akiitafuta dukani ilikuwa imepotea mle mle ndani.

Valvu inafunga lini

Kemshafti huamua mambo matatu: valvu ifunguke lini, ikae wazi kwa muda gani, na inyanyuke kimo gani. Muda hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Kemshafti za kiwandani za injini hizi zina nyuzi 240 hadi 250 hivi, nazo hunyanyua valvu kwa milimita 10 au zaidi kidogo.

Watu husema muda mrefu huleta nguvu. Ni kweli, ila ni nguvu ya juu, na inachukuliwa kutoka chini. Hewa ina uzito, na ikishashika mwendo haisimami mara moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mchanganyiko wa hewa na petroli unakimbia kwa kasi kwenye manifoldi kiasi kwamba unaendelea kujisukuma ndani ya silinda hata baada ya pistoni kuanza kupanda. Valvu ya kuingiza ikichelewa kufunga, silinda inajaa zaidi. Kwenye mizunguko 1,800 hali ni nyingine kabisa: hewa haina kasi, pistoni inapanda, valvu bado iko wazi, na sehemu ya ulichokivuta inarudishwa ilikotoka. Ndiyo maana kati ya namba zote, mimi huuliza kwanza wakati ambao valvu ya kuingiza inafunga.

Wauzaji wengi hawaiandiki namba hiyo kwa herufi kubwa, lakini unaweza kuipata. Chukua nusu ya muda wa valvu ya kuingiza, jumlisha na nyuzi za kilele cha nundu, yaani umbali kutoka pistoni ilipokuwa juu kabisa hadi valvu inapofunguka kabisa, kisha toa 180. Kemshafti ya nyuzi 260 ambayo kilele chake kipo kwenye nyuzi 108 inakupa 130 na 108, toa 180, sawa na 58. Valvu inafunga nyuzi 58 baada ya pistoni kufika chini kabisa.

Sasa tazama maana yake kwa L20B, ambayo pistoni yake husafiri milimita 86 na kompresheni yake ya kiwandani ni 8.5 kwa 1. Pistoni haianzi kubana kitu mpaka valvu ifunge. Valvu ikifunga nyuzi 48 baada ya chini, kama ilivyo kwa kemshafti ya upole, kompresheni inayofanya kazi kweli ni 7.6 hivi. Ikifunga nyuzi 58, inashuka hadi 7.1. Weka kemshafti ya nyuzi 290 yenye kilele hicho hicho, valvu itafunga nyuzi 73 baada ya chini, na injini yako ya 8.5 itakuwa ikibana kwa 6.4 tu. Hapo ndipo gari linapokosa pumzi ukitoka kwenye tuta. Hakuna kabureta wala ekzosi itakayoirudisha nguvu hiyo.

Ongeza mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Mbeya karibu sawa nayo, Nakuru juu kidogo, Eldoret ipo karibu mita 2,100. Kwenye mwinuko wa Nairobi shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo mwenye Datsun wa Eldoret na mwenye Datsun wa Tanga hawapaswi kununua kemshafti moja hata kama magari yao ni pacha. Yule wa Tanga anaweza kuvumilia nyuzi 265. Yule wa Eldoret namshauri asivuke 255, au aipandishe kompresheni kwanza, jambo ambalo mwinuko humruhusu kulifanya kwa usalama zaidi kwa sababu injini ya juu haigongi haraka kama ya pwani.

Kuhusu kupandisha kompresheni kwa kukwangua hedi, angalia jambo moja ambalo mafundi wa mashine wasiozoea injini hizi hulisahau. Hedi ikipungua, minara ya kemshafti inashuka pamoja nayo, cheni inalegea, na taimingi ya kemshafti inachelewa. Minara lazima iinuliwe kwa vipande vya unene ule ule ulioondolewa. Usikubali kuambiwa kwamba kidogo hakina neno.

Pima unakoishi

Kabla ya kuagiza, chukua takometa, hata ya kuazima, uifunge ndani ya gari kwa wiki moja. Andika unachokiona: ukiwa mjini, mlimani, kwenye barabara kuu. Kama huna takometa, piga hesabu. Gurudumu la inchi 13 lenye mzingo wa mita 1.8, difu ya 3.9, gia ya juu ya moja kwa moja: kwa kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,600 kwa dakika. Kwa kilomita 60 ni kama 2,170. Maana yake gari la kwenda kazini, sokoni na shambani huishi kati ya 1,500 na 4,000. Kemshafti inayoamka kwenye 3,500 itakuwa imelala sehemu kubwa ya maisha yako.

Kwa injini ambayo haijafunguliwa sana, nyuzi 250 hadi 265 kwa kipimo cha muuzaji ndiyo eneo ninaloliamini. Hapo injini huvuta vizuri kuanzia 2,000 hivi, hupumua hadi 6,000, na bado unaweza kumwachia mtu mwingine gari aliendeshe bila maelezo. Nyuzi 270 hadi 280 zinadai kompresheni ya 9.5 au zaidi, kabureta mbili, ekzosi iliyochongwa kwa kazi hiyo, na difu fupi zaidi. Kuanzia 290 unazungumzia gari la mashindano. Kama Datsun yako ni ya gia za kujibadilisha, baki na ya kiwandani au panda hatua moja ndogo sana.

Hapa kuna mtego. Mtengenezaji mmoja hupima muda tangu valvu inapoanza kusogea kidogo mno. Mwingine hupima tangu inaponyanyuka milimita 1. Wamarekani hupenda inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kemshafti moja inaweza kuitwa 260 kwa kipimo cha kwanza na ikawa 215 hivi kwa kipimo cha Kimarekani. Nimeona watu wakikataa kemshafti ndogo ya 218 na kununua ya 270 wakidhani ya kwanza ni ya kitoto, kumbe zilikaribiana. Uliza muda umepimwa kwa kimo gani, na kama muuzaji hajui, nunua kwa mwingine.

Wakati valvu zote mbili ziko wazi

Mwishoni mwa kutoa moshi na mwanzoni mwa kuvuta hewa kuna kipindi kifupi ambacho valvu zote mbili zimefunguka. Mpandano huo hutokana na muda wa nundu na pembe kati ya nundu ya kuingiza na ya kutoa. Chukua wastani wa muda wa nundu mbili, toa pembe hiyo mara mbili. Nyuzi 260 na pembe ya 110 ni mpandano wa nyuzi 40. Nyuzi 280 na pembe ya 108 ni 64. Kwa injini yenye kemshafti moja pembe hii inachongwa ndani ya chuma na huwezi kuibadilisha baadaye, kwa hiyo ichague kwa makini kama unavyochagua muda. Kwa gari la barabarani pembe ya 110 hadi 112 ina amani zaidi kuliko 106, ijapokuwa 106 ndiyo inayotoa ule mngurumo wa kukatikakatika ambao watu huusikia na kuupenda.

Mngurumo huo una gharama. Injini inapokaa sailensi, mpandano mrefu huruhusu moshi kurudi upande wa manifoldi na kuvunja vakyumu. Vakyumu hiyo ndiyo inayosaidia mguu wako kwenye breki kupitia sevo. Ndiyo inayosogeza taimingi ya distributa. Katika kabureta nyingi ndiyo inayoiambia kabureta lini iongeze petroli. Na kumbuka kwamba mjini Nairobi umeshaanza na vakyumu pungufu kabla ya kugusa chochote. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya gari lako leo, kabla ya kubadilisha kitu, uandike namba. Baada ya kazi pima tena. Ikiwa imeshuka sana na breki imekuwa ngumu ukitambaa kwenye foleni, usilizoee jambo hilo. Gari ambalo halisimami halina faida ya kukimbia.

Kimo cha valvu

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu kwa injini ya kawaida hakuna mengi ya kuchuma. Valvu ya kuingiza ya L20B ina kipenyo cha milimita 42. Valvu ikinyanyuka robo ya kipenyo chake, yaani milimita 10.5, nafasi ya kupitisha hewa pembeni mwake inakuwa sawa na eneo la tundu lenyewe. Kemshafti ya kiwandani iko karibu na hapo tayari. Kwenda milimita 12 kunasaidia kwa kuwa valvu hukaa wazi vizuri kwa muda mrefu zaidi, lakini kama milango ya hedi haijachongwa faida yake ni ndogo, na kila milimita unayoongeza inadai springi kali zaidi, na springi kali hula nundu.

Hata hivyo pima. Valvu ikiwa imefunguka kabisa, lazima kubaki angalau milimita 1.5 kabla springi haijajibana koili kwa koili, na nafasi kama hiyo kati ya kikombe cha springi na sili ya valvu. Kati ya valvu na pistoni nataka milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata plastisini kwa wembe, upime unene. Ni kazi ya mchana mmoja, na inaokoa injini nzima.

Mahali kemshafti za L zinapofia

Hii ndiyo sehemu ninayokuomba uisome mara mbili, kwa sababu kemshafti iliyochaguliwa vizuri kabisa huweza kuisha nundu ndani ya saa chache kwa makosa yafuatayo.

Kwanza, oili. Injini za L zilitoka na mifumo miwili ya kulainisha nundu. Nyingine zina bomba jembamba lililolala juu ya kemshafti na kunyunyizia oili kila nundu. Nyingine hazina bomba, na oili hupita ndani ya kemshafti yenyewe na kutokea kwenye vitobo vidogo vya nundu. Ukinunua kemshafti isiyotobolewa ukaitia kwenye hedi isiyo na bomba, nundu zitazunguka kavu. Fungua kava ya valvu uangalie hedi yako ina mfumo gani, halafu umweleze muuzaji kwa maneno yaliyo wazi. Kama kemshafti imetobolewa, pitisha waya na hewa kwenye kila kitobo kabla ya kuifunga, maana takataka za kuchongea hupenda kubaki humo.

Pili, roka. Uso wa roka huvaana na nundu moja tu maishani mwake. Roka ya zamani iliyozoea nundu ya zamani ikikutana na nundu mpya, mmoja wao ataliwa, na mara nyingi ni nundu. Tumia roka mpya au zilizosuguliwa upya na fundi anayejua umbo lake la duara. Kuchukua roka za gari lililolala nyuma ya gereji si kuokoa fedha.

Tatu ni vile visahani. Kemshafti nyingi za bei nafuu si chuma kipya. Ni kemshafti ya zamani iliyochongwa upya, na ili nundu ipate kimo, upande wake wa duara hupunguzwa. Upande huo ukishuka, roka nayo inabadilisha mkao, na nundu haigusi tena katikati ya uso wa roka. Inapita ukingoni. Dawa ni visahani vinene zaidi, vinavyouzwa kwa vipimo mbalimbali. Paka uso wa roka rangi ya kalamu ya wino mzito, seti tapeti, zungusha krenki kwa mkono, kisha toa roka utazame alama iliyofutika. Alama iwe katikati, isifike mwisho wa uso upande wowote. Ikielekea ukingoni, badilisha unene wa kisahani ujaribu tena. Fanya hivyo kwa roka zote nane, kwa sababu viti vya valvu havilingani vyote vikishasagwa. Fundi akikuambia hahitaji kufanya hivi, lipeleke gari lako kwa mwingine kwa heshima.

Kemshafti iliyochongwa upya si mbaya kwa sababu ya kuchongwa. Ikichongwa na mtu makini kutoka kwenye chuma kizuri, inafaa sana kwa gari la barabarani na bei yake ni ya haki. Ulizia tu kama nundu zimetiwa ugumu tena baada ya kuchongwa, na uombe karatasi yenye vipimo.

Kuifunga

Kazi yenyewe inahitaji fundi mtulivu. Kabla ya kufungua sproketi ya juu, ingiza kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni, chini ndani ya kava ya mbele. Bila kabari, kikaza cheni kitachomoka, na utalazimika kung'oa kava yote ya mbele kukirudisha. Minara ya kemshafti usiilegeze kama hakuna sababu, kwani ilitobolewa ikiwa imefungwa pamoja, na ikisogea kemshafti inakuwa nzito kuzunguka. Kemshafti huchomolewa taratibu ikipita ndani ya minara hiyo hiyo baada ya roka kutolewa.

Sproketi ya kiwandani ina matundu matatu ya pini, yaliyowekwa kufidia cheni iliyotanuka. Kila tundu huwahisha kemshafti nyuzi 4 za krenki. Nafasi hii ni zawadi kwako. Kemshafti ikiwahishwa nyuzi 4, valvu ya kuingiza inafunga mapema na nguvu ya chini inaongezeka. Lakini usibahatishe. Tumia duara la nyuzi kwenye krenki na daili geji kwenye roka, utafute kilele halisi cha nundu ya silinda ya kwanza, ukilinganishe na karatasi ya mtengenezaji. Karatasi ikisema 108 na wewe ukapata 112, cheni yako imetanuka au nundu haikuchongwa sawasawa, na ni afadhali ujue sasa.

Tapeti za kiwandani huwekwa milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa, injini ikiwa na moto. Kemshafti mpya huja na namba zake. Fuata zake.

Dakika ishirini za mwanzo

Paka kila nundu na kila uso wa roka mafuta mazito ya kufungia injini, siyo oili ya kawaida. Jaza petroli kwenye kabureta, hakikisha taimingi ya moto iko sawa na rejeta ina maji, ili injini iwake mara ya kwanza bila kupigwa stata kwa muda mrefu. Stata ndefu hufuta mafuta uliyopaka na hailetei nundu oili ya kutosha.

Ikiwaka, ipandishe moja kwa moja hadi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 na uishikilie hapo kwa dakika 20 hadi 30, ukipandisha na kushusha kidogo. Usiiache ikae sailensi kusikiliza mngurumo, hata kama majirani wamekuja kuusikia. Kwenye mzunguko wa chini nundu inabanwa na springi kwa nguvu zaidi na oili inafika kwa uchache. Kama kuna kitu kinavuja au joto linapanda, zima kabisa, rekebisha, kisha uanze tena kwa mizunguko ile ile ya juu.

Oili nayo ichaguliwe kwa kichwa. Injini za zamani zinazosuguana nundu kwa roka huhitaji zinki na fosforasi nyingi kuliko zilizomo kwenye oili nyepesi za magari ya kisasa, ambazo zimepunguziwa ili kulinda vichungi vya moshi. Oili nzito za dizeli za 15W-40 daraja la CI-4, zinazopatikana karibu kila kituo cha mafuta, huwa na kinga hiyo kwa wingi zaidi na zimezitunza injini nyingi za Datsun. Oili za kufanyia mazoezi kemshafti mpya zipo pia. Ukizipata, tumia kwa mzunguko huo wa kwanza.

Baada ya hapo gari litahitaji kurekebishwa upya. Sailensi ipandishwe hadi 850 au 900. Taimingi ya mwanzo huenda ikataka nyuzi chache zaidi, lakini jumla yake kwenye mizunguko ya juu ibaki pale ilipokuwa, nyuzi 32 hadi 34 hivi, la sivyo utasikia injini ikigonga mlimani. Jeti za kabureta zisomwe kwenye plagi baada ya safari ya kweli yenye mzigo, si kwa kunguruma uani.

Ukifika kilomita 500, mwaga oili yote na ubadilishe filta. Ikate filta ile uifungue: vumbi laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyong'aa na kushikwa na sumaku si vya kawaida. Seti tapeti zote nane tena kwa fila geji, uandike kila moja ilikuwa na nafasi gani kabla ya kuigusa. Valvu moja ikiwa imepanuka nafasi kuliko nyingine zote, vua roka yake siku hiyo hiyo uitazame nundu.